Mbele ya kununua kontenere, tukaushe mahindi



Katika mikutano ya msimu huu, hapa Likasi na ku vijiji vya upande wa Kambove, swali moja linarudi kila mara: "Agronomu, si tununue tu kontenere moja, tuiweke ku parseli, tufunge kadena, tulale usingizi?" Ninaelewa swali linatoka wapi. Ukipita ku barabara kubwa kati ya Lubumbashi na Kolwezi, kontenere ziko pande zote mbili. Moja imekuwa butiki, ingine biro, ingine nyumba ya mlinzi. Ndani ya mji, nyuma ya nyumba za watu, zimekuwa mahali pa kuweka saruji, baiskeli, majembe, viti vya kukodisha kwa harusi. Zinafika na mizigo ya migodi kutoka bandari za mbali kama Dar es Salaam na Durban, zinapita Kasumbalesa, na zingine hazirudi tena kule zilikotoka. Basi kwa mkulima anayelala chumba kimoja na mifuko 30 ya mahindi, watoto wakilala juu ya mifuko, kile kisanduku cha chuma kinaonekana kama jibu kutoka mbinguni.

Maoni yangu ni haya, na najua hayatafurahisha wote. Kwa koperative nyingi ninazotembelea, kontenere ni kitu cha kununua ku nafasi ya tatu ao ya ine. Mbele yake kuna mambo ya bei ndogo ambayo hatujafanya. Na kama tutaruka hayo tuende moja kwa moja ku kontenere, tutakuwa tumenunua chungu kikubwa cha kuozeshea mahindi yetu.

Tukumbuke kwanza sababu gani tunataka depo. Mwezi wa 5 na wa 6 wachuuzi wanafika shambani na mizani yao wenyewe. Deni la mbegu liko mlangoni, minerval inakuja, na mahali pa kuweka hakuna. Tunauzisha. Kisha mwezi wa 1 na wa 2, wakati wa kupalilia, sisi wenyewe tuliolima tunasimama ku butiki kununua unga. Hapa Haut-Katanga tunakula sana mahindi ya Zambia, na tarehe 29/2/2024 rais wa Zambia alitangaza ukame kuwa janga la taifa lake. Yeyote aliyenunua mufuko wa unga hapa Likasi miezi iliyofuata anakumbuka. Kwa hiyo hamu ya kuweka ni ya haki kabisa. Mwenye mahindi mazuri mwezi wa 2 ni mtu anayeweza kusema bei.

Lakini angalieni neno "mazuri". Hapo njo matatizo yanaanza.

Tufanye hesabu pamoja, chukueni kalamu. Tuseme kikundi chenu kinaweka tani 10 za mahindi yenye unyevu wa 18 kwa mia. Hayo ni mahindi ambayo ukiyashika mkononi unasema "yamekauka". Ndani ya tani 10 hizo kuna litre 1 800 za maji. Ili yafike 13 kwa mia, kadiri ambayo inayaruhusu kulala miezi mingi bila kuharibika, lazima litre karibu 575 zitoke. Ni karibu mapipa matatu ya litre 200. Sasa ukisha kufunga milango miwili ya chuma yenye mipira, kontenere iliyotengenezwa ili hata maji ya bahari yasiingie, niambie: hayo mapipa matatu yatatokea wapi? Kuna vitundu vidogo juu, karibu na pembe, lakini havitoshi kabisa kwa kazi hiyo.

Kinachotokea kila mama anakijua, amekiona chini ya kifuniko cha sufuria. Mchana jua linapiga chuma, ndani kunakuwa kama furu, mahindi yanatoa maji na hewa inayabeba. Usiku paa la chuma linapoa haraka kuliko kitu kingine chochote, na hewa yenye maji ikiligusa, maji yanashika pale. Yakiwa mengi yanaanguka, tone kwa tone, juu ya mifuko ya juu. Watu wa meli wanaiita mvua ya kontenere. Wanaosafirisha kahawa na kakao wanaiogopa hata kama safari yao ni ya wiki chache tu. Wanapanga karatasi nzito ku kuta na kutundika mifuko ya dawa ya kunyonya unyevu. Na sisi hapa Likasi, tuko mwinuko wa zaidi ya metre 1 200, mwezi wa 6 na wa 7 mchana jua ni kali na usiku baridi inauma mifupa. Ni hali ile ile inayoleta mvua hiyo.

Kwa njia, kontenere hii haikufikiriwa na mkulima. Mwaka 1956 Mmarekani mmoja, Malcom McLean, alipakia kontenere 58 juu ya meli Ideal X kutoka Newark kwenda Houston. Yeye alikuwa mwenye magari ya mizigo na alitaka kitu kimoja: asipoteze siku nyingi bandarini watu wakibeba mfuko moja moja. Alifaulu sana, dunia yote imemfuata. Lakini kazi yake ilikuwa kusafirisha. Kulaza mahindi miezi 8 ni kazi ingine.

Matokeo ya mahindi kulala na unyevu, wengi wetu tunayaita tu "ukungu", tunapangusa, tunachagua, tunapeleka ku kinu. Hapo nitakuwa mkali kidogo. Mwaka 2004 nchini Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao walikufa juu ya mahindi waliyovuna wenyewe, yaliyowekwa nyumbani bila kukauka vizuri. Sumu inaitwa aflatoksini. Inatoka ku aina fulani ya ukungu, inaharibu ini. Kupika bukari hata saa moja hakuiondoi. Kusaga hakuiondoi. Na unga wenye sumu unaweza kuwa mweupe, mzuri machoni. Mahindi yaliyoshika ukungu, wengi wanampa kuku ao nguruwe wakifikiri wameokoa kitu, lakini na nyama ile inaugua.

Sasa nifike ku jambo ambalo watu hawapendi kusema mbele ya mkutano. Tunataka kontenere juu ya wezi. Na ni juu ya wezi hao hao tunavuna mapema! Mahindi yangepaswa kusimama shambani mpaka gunzi linainama na nafaka inalia ukiitikisa, lakini mtu akisikia jirani ameibiwa usiku, kesho yake anaita watoto, wanavuna yote, hata yale yenye maganda ya rangi ya kijani. Kisha yanaingia ndani ya chuma siku ile ile na kadena juu yake. Wezi hawakupata kitu, ni kweli. Ukungu ulipata. Kwa hiyo ukisema kontenere inatatua wizi, umesema nusu tu ya maneno: inalinda mahindi ambayo woga wa wizi umeyafanya yasistahili kuwekwa.

Na hapa tuna bahati ambayo wenzetu wa Équateur ao wa pwani ya Tanzania wangetuonea wivu. Toka mwezi wa 5 mpaka wa 9 hakuna mvua hapa kwetu. Miezi mitano ya jua na upepo mkavu, bila kulipa franka moja ya mafuta ao umeme. Mtu anayeshindwa kukausha mahindi Katanga mwezi wa 6 ameshindwa juu ya mpango, hali ya hewa haina kosa. Anachohitaji ni mahali pa kulinda mahindi yakiendelea kukauka, karibu na nyumba, pale mbwa atabweka.

Hiyo mahali iko na jina: kribi. Ni kizimba kirefu na chembamba, cha miti ao mianzi na waya, kimeinuliwa kutoka chini na kimefunikwa juu, ambamo mahindi yanaingia na magunzi yake. Siri yote iko ku upana. Mkivuna yakiwa bado na maji mengi, upana usipite sentimetre 60. Kama kiangazi kimeshika vizuri, mnaweza kufika metre moja na zaidi kidogo. Urefu muongeze mnavyotaka. Upande mrefu uelekee upepo. Miguuni, kwa urefu wa karibu metre moja, mfunge vipande vya bati kama kofia iliyogeuzwa, panya asipande. Fundi wa kijiji anaijenga kwa siku chache. Mahindi yatakauka ndani yakiwa ku parseli yenu, chini ya macho yenu, na mwizi wa shambani atakuta mabua matupu. Ukisha kupukuchua, unamaliza siku mbili tatu juu ya bashe, jioni unafunika. Juu ya bashe, tafadhali. Ku udongo mtupu ukungu unapanda ndani ya mahindi ukiwa wewe mwenyewe umeukaribisha.

Namna ya kujua kama yamekauka bila mashine: chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia chumvi kavu kidogo, kijiko kimoja ao viwili, kisha mahindi mpaka robo ya chupa. Funga, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikishika ku kioo, mahindi yako juu ya 15 kwa mia, rudisha juani. Isiposhika, yako chini ya 15. Bado usikimbie: ongeza siku moja ao mbili za jua ili ukaribie 13. Kuuma kwa meno kunasaidia mzee mwenye uzoefu, lakini mkibishana ndani ya koperative mahindi ya nani yaingie ku depo ya wote, chupa haina ndugu wala shemeji.

Baada ya kukausha, tuzungumze juu ya mifuko. Ile yenye plastiki mbili ndani na mufuko wa kawaida nje, inayoitwa PICS, ilianzia Cameroun mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa chuo kikuu cha Purdue cha Marekani wakitafuta namna ya kulinda kunde za wakulima. Ukifunga vizuri kila plastiki kwa zamu yake, vidudu vinamaliza hewa, vinakufa bila dawa. Mfuko mmoja wa kilo 100, basi tani 10 ni mifuko 100. Kabla ya kupiga kura juu ya kontenere, mtume watu wawili sokoni walete bei tatu: bei ya mifuko 100, bei ya bashe nzito za kutosha, bei ya kontenere pamoja na gari la kuinua. Msisahau hilo gari. Kontenere ya futi 20 ikiwa tupu ina tani zaidi ya 2, na barabara ya kwenu mnaijua wenyewe. Muandike bei hizo ku ubao, kila mwanamemba aone. Mimi ninakubali matokeo ya ubao huo.

Je, ninakataa kontenere kabisa? Hapana. Chuma kina mazuri yake: panya haingii, mchwa haumi, moto wa nyasi hauli, mwizi anapata kazi. Kwa majembe, mizani, mashine ya kupukuchua, bashe, mifuko tupu, vipuli vya pampu, sioni kitu bora. Kwa mahindi yaliyokwisha kukauka na kufungwa ndani ya PICS, inafaa pia, mkiitengeneza. Muiinue juu ya tofali ao vipande vya reli ili hewa ipite chini. Mjenge juu yake paa ingine ya nyasi ao mabati, na nafasi ya mkono mzima kati ya paa mbili. Hiyo peke yake inabadilisha mambo kuliko chochote. Rangi nyeupe inasaidia. Fundi wa kuchomelea afungue madirisha mawili yanayotazamana, chini upande moja na juu upande mwingine, na waya wenye matundu madogo. Ndani mpange paleti, mifuko isiguse kuta. Futi 20 ni kama metre 6 kwa metre 2 na nusu, metre kibe 33 hivi ukijaza mpaka juu, lakini msijaze mpaka juu: muache njia ya mtu kupita na kukagua, na nafasi chini ya paa.

Mbegu ya msimu ujao msiiweke humo bila ile paa ya pili. Mabingwa wa mbegu wana kanuni ya zamani: kila digrii 5 za joto zinazoongezeka, maisha ya mbegu yanakatwa karibu nusu. Mwezi wa 10, mbele ya mvua kuanza, ndani ya kontenere iliyo uchi ku jua la Likasi, mbegu yenu inapikwa polepole, na mtalaumu muuzaji.

Sasa asili ya kontenere yenyewe. Hapa kwetu si kontenere za viatu na redio tu. Viwanda vya shaba na kobalti vinatumia metabisulfiti, zantati, chokaa, na dawa zingine nyingi, na nyingi zinasafiri ndani ya kontenere. Ukifungua mlango na harufu ya kiberiti ao ya kabichi iliyooza ikakupokea, funga, rudi nyumbani, hata kama bei ni ya urafiki. Tafuta ku kuta za nje alama za vibandiko vyenye umbo la almasi. Hata kama vimetolewa, gundi inabaki. Kisha angalia sakafu. Kontenere nyingi ziko na tripleksi nzito iliyotiwa dawa ya kuua wadudu wa mbao. Ku mlango kuna kibati kidogo cha chuma chenye maandishi. Kati ya maandishi hayo mnaweza kukuta jina la dawa iliyotiwa ku mbao na tarehe. Msome mbele ya kulipa, na mkifika nyumbani mahindi yasiguse sakafu ile hata siku moja.

Na kwa sababu tunazungumza juu ya kontenere nyumbani, penye watoto, niseme hili wazi. Vile vidonge vya kuua fukusi vinavyouzwa sokoni kimoja kimoja, vinavyotoa gesi ya fosfini, msivitumie ndani ya kontenere iliyo karibu na dirisha la chumba cha kulala. Gesi hiyo inapita ku tundu lolote, na imeua familia zikiwa usingizini katika nchi nyingi. Mlinzi asilale ndani ya kontenere ya mahindi. Na kufuli iwe imefungwa mchana pia, mtoto asijifungie humo akicheza.

Jambo la mwisho ndilo linanikosesha usingizi kuliko ukungu. Kontenere ya koperative inawekwa wapi? Mara nyingi ku parseli ya prezida, "juu ya usalama". Mwaka wa kwanza ni sawa. Mwaka wa pili mke wa prezida anaweka sabuni yake humo, na ni haki yake, nyumba ni yake. Mwaka wa tatu komite inabadilika, prezida wa zamani amekasirika, na kile chuma cha tani 2 hakibebwi kwa mikono. Nimeona koperative moja ikilipa kodi ya mwezi ili ifikie mahindi yake yenyewe.

Sheria iko upande wenu. Tendo la OHADA juu ya koperative, la tarehe 15/12/2010, linatumika kwetu tangu nchi yetu ilipoingia OHADA mwaka 2012, na koperative iliyoandikishwa inakuwa mtu mbele ya sheria, inaweza kuwa na mali kwa jina lake. Basi fakture iandikwe kwa jina la koperative, jina la prezida lisionekane pale. Mwenye parseli asaini karatasi, mbele ya chefu wa kijiji ao wa kartie, kwamba anaazima ao anakodisha udongo tu, kwa miaka mingapi, na kwamba siku mkataba ukiisha gari litaingia kuchukua. Kadena ziwe tatu na funguo zikae kwa watu watatu wa nyumba tofauti. Ba mama wa vikundi vya AVEC wanafanya hivyo na sanduku lao la akiba kila wiki, hawahitaji kufundishwa na mtu, muwaulize wao. Na kitabu cha depo kikae ku mlango: jina, kilo zilizoingia, matokeo ya chupa ya chumvi, kilo zilizotoka, saini.

Mafunzo ya mwezi wa 4 yanakuja mbele ya mavuno. Kila kikundi kilete chupa moja ya kioo, chumvi kidogo kwenye karatasi, na kilo moja ya mahindi yaliyobaki ya mwaka jana, kutoka mahali pale pale yalipolala. Tutapima mbele ya wote, kisha ubao wa bei, kisha mtapiga kura juu ya kontenere.